Nilivyoosha Paa Siku ya Wakwe

Wacha niwaambie mwenyewe, kwa sababu najua hii maneno imezunguka mtaa wetu wote wa Milimani na kila anayeisimulia anaongeza chumvi: ndiyo, ni mimi niliyempiga baba mkwe wa binti yangu kifuani na donge la matope ndani ya sebule yangu, na hapana, sikuwa nimemlenga yeye.

Nilimlenga Kamau, ndugu ya mume wangu. Nyumba yetu ni ya zamani, ya vigae, iko chini ya miti mikubwa, na mvua ikishika paa huota yale majani laini ya kijani kama zulia. Miaka yote hakuna aliyejali. Kisha binti yangu Wambui akapata mchumba, wazazi wa kijana wakasema watakuja Jumamosi kujitambulisha, na Kamau, akiwa amekalia kiti changu akila chapati zangu, akasema mbele ya watu, "Shemeji, wageni wakiona hilo paa watadhani mnalisha mbuzi huko juu." Wakacheka wote, hata mume wangu (huyo tutaongea siku nyingine).

Mume wangu aliniambia niachane nalo, fundi atakuja kulikwangua kiangazi. Mimi na hasira zangu, Jumamosi asubuhi nikaazima kwa jirani ile mashine ya kuosha magari, nikavaa suruali ya mume wangu, nikapanda ngazi. Vigae vikaanza kutoka vyekundu kama vipya, nikajiona fundi. Kumbe ukisimama kwa ngazi ukirusha maji kuelekea juu, yanaingia chini ya vigae, kwa hivyo asubuhi yote nilikuwa najaza dari maji kama tangi.

Wageni wakafika. Baba mkwe, suti ya kijivu, akasifu paa, nami nikamwangalia Kamau. Tukiwa kwa chai tone likaanguka ndani ya kikombe cha mama mkwe. Hapo ningesema ukweli. Nikasema si kitu, nikamhamisha kiti, nikamweka, kumbe, pale dari ilikuwa imevimba zaidi.

Ikashuka yote. Mbao, maji, vumbi la miaka, viota vya ndege, na yale majani ya kijani niliyodhani nimeyamaliza. Mama mkwe akabaki ameshika kikombe, kofia yake imejaa matope. Na Kamau alikuwa ameinua simu anarekodi.

"Shemeji, geuka kidogo," akasema, "nipate uso vizuri."

Sikumbuki nikiinama. Nakumbuka donge likitoka mkononi mwangu, Kamau akikwepa, na baba mkwe, aliyekuwa nyuma yake akimletea mke wake taulo, akipokea lote kwa tai.

Akaliangalia. "Mama Wambui," akasema polepole, "sisi tulikuja kwa amani."

Na mimi, badala ya kuomba msamaha, nikapiga kelele, "Toka kwangu!" Nilikuwa namwambia Kamau. Nani angejua? Wageni wakachukua vitu vyao wakatoka bila kula, na Wambui akawafuata hadi kwa gari akilia, miguu mitupu.

Mume wangu aliwaendea kesho yake kuomba msamaha, na baada ya wiki kadhaa wakakubali tukutane tena, lakini si kwangu. Tukaenda kula nyama choma kwa vibanda vya Kikopey. Nikamwomba baba mkwe radhi mbele ya wote, akacheka kidogo. Mama mkwe hakucheka. Harusi ipo. Wambui ananisalimia, ingawa kwa ufupi.

Kamau hajawahi kusema pole. Video aliituma kwa grupu ya familia, na juzi wazee wamekaa wakaamua ati yeye ndiye atakuwa msemaji wetu siku ya harusi. Niko na hasira hadi sasa nikiongea na nyinyi. Lakini nimeapa: mtu akinikasirisha nitamjibu hapo hapo, uso kwa uso, nikiwa nimesimama chini. Sipandi ngazi tena kwa sababu ya mdomo wa mtu.