Kichwa cha Mama Mkwe

Kwetu Unyamwezini enzi zile, ukikutana na mama mkwe njiani ulipinda ukaingia porini. Humtazami usoni, humgusi, wala humkuti ndani. Nilikuwa nimeoa muda mrefu, na sura yake niliijua kwa mbali tu.

Ndiye aliyeanguka kwenye shamba la tumbaku la kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Usoke, ameshika kisogo, analia kwamba kichwa kinapasuka. Tulimleta Tabora kwa treni, mimi behewa jingine. Daktari alimchoma sindano mgongoni, maji yakatoka na damu. Akatuambia mshipa wa kichwani umepasuka, damu imeuzingira ubongo, na kumsafirisha hadi Dar es Salaam ni kumuua. Alale chumba chenye giza, kimya, asiinue kichwa wala kukigeuza. Mshipa ukipasuka tena, ndiyo basi.

Mke wangu akawa ndani, mimi barazani. Kutulia siwezi. Nilizunguka, nikamgombeza mfagizi kwa kuburuta ndoo, nikawafokea jamaa waliokuja kumjulia hali wakisalimiana kwa sauti. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa hukasirika.

Alasiri mke wangu alikwenda kupika uji. Mara muuguzi akaniita kutoka mlangoni.

"Ndugu, njoo ushike kichwa! Anataka kuinuka!"

"Huyo ni mama mkwe wangu."

"Basi mwache afe kwa heshima."

Niliingia. Nikakishika kile kichwa kwa mikono miwili, naye muuguzi akakimbilia dawa ya kumtuliza. Kilikuwa cha moto, na kidogo kuliko nilivyodhani. Mama akafumbua macho. Alipoona gizani ni mwanamume, asijue kama ni mkwe, shingo ikaanza kujipinda ili ageuze uso, kama adabu inavyotaka. Nikakaza. Naye akakaza. Niliona kabisa kwamba ataniheshimu mpaka afe mikononi mwangu. Basi nikageuka mimi, nikatazama ukuta.

"Nani?" akauliza.

"Muuguzi, mama."

Shingo ikalegea. 

"Nje yupo mkwe wangu, namsikia anavyogomba. Mwambie asiingie humu, ataona aibu."

"Nitamwambia."

"Lakini asiende mbali."