Siku Vitina Alipokwenda Napoli Kumchukua Canio

Kabla ya yote Vitina alichukua futi ya kushonea akapima begi. Lilikuwa begi kubwa la mgongoni la mwanawe Egidio, alilotoka nalo jeshini kisha akaliacha juu ya kabati alipohamia Ujerumani kutafuta kazi. Sanduku la mifupa, walivyomwambia watu wa makaburini kwenye simu, lina urefu wa sentimita sabini. Begi likavuka sabini na tano. Akashusha pumzi.

"Linaingia?" mama yake akauliza kutoka kitandani.

"Linaingia, mama."

"Usimbane. Canio hakupenda kubanwa."

Bi Donata Telesca alikuwa na miaka themanini na tisa, na tangu Pasaka alikuwa hainuki. Barua ya makaburini Napoli ilipofika alitaka asomewe mara mbili. Ilisema kwamba muda wa mwanawe, marehemu Canio Telesca, kukaa udongoni umekwisha, kwani Napoli maiti huzikwa kwa muda tu kisha mifupa hufukuliwa, kwamba atafukuliwa Alhamisi kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na kwamba asipotokea ndugu wa kumpokea, mifupa yake itatiwa kwenye shimo la wote. Bi Donata alisikia hilo la shimo la wote, mengine yakampita. Kule kijijini, juu ya mji wa Potenza, ukutani kwa makaburi ambamo wafu huwekwa vishubakani, kulikuwa na mumewe, na pembeni ya mumewe nafasi mbili tupu. Aliitaka moja ijazwe kabla ya yeye kuijaza ya pili. Daktari alikuwa amemwambia Vitina, mlangoni na kwa sauti ya chini, kwamba ni suala la wiki.

Kibali cha kusafirisha mifupa Vitina alishakipata ofisi ya kijiji. Gari ndilo hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni mgongo, wa miaka hamsini na minane, uliozoea kuinamia sakafu za shule ya msingi tangu hajaolewa.

"Ukipewa kichwa chake," mama akasema, "kibusu. Mara moja kwa ajili yako, mara moja kwa ajili yangu."

"Nitakibusu."

"Safari hii umwone."

Hilo la mwisho lilikuwa jiwe, na lilirushwa likijua linakokwenda. Maana karibu miaka miwili iliyopita, Agosti, Canio alipofia kazini Napoli, Vitina ndiye aliyekwenda, na hakumwona. Canio alikuwa fundi wa kupiga lipu, kazi ya kulipwa mkononi, bila mkataba wala bima, kwa mjenzi mmoja aitwaye Ruocco. Ruocco mwenyewe alimpokea Vitina stesheni, kwa tai nyeusi. "Moyo, mama. Moyo tu. Alikaa kunywa maji, akalala, hakuamka." Jeneza lilikuwa limeshafungwa, joto, alisema Ruocco, si unajua Agosti. Jeneza zuri, maua mengi, yote ametoa yeye. Kisha mezani ikatokea karatasi: kwamba marehemu alikufa kwa maradhi, na kwamba jamaa hawana dai lolote. Vitina aliisoma mstari wa kwanza, akaona haya kusoma wa pili mbele ya mtu aliyewanunulia maua. Akatia sahihi, Canio akazikwa hukohuko Napoli. Tangu siku ile, kila mama yake alipoumwa usiku, aliuliza swali lilelile: "Ulimwona?" "Jeneza lilikuwa limefungwa, mama." "Basi hukumwona."

Treni ya saa kumi na mbili kasoro asubuhi ilitoka Potenza ikiwa nusu tupu. Mbele ya Vitina walikaa vijana wawili wa chuo, msichana Ilenia na mchumba wake Loris, wenye mabegi ya mgongoni makubwa kama lake, na ndala zikining'inia nje. Walikuwa wakienda Napoli, kisha visiwani, siku nne za bahari.

"Mama, na wewe unakwenda visiwani?" Loris akauliza akitazama begi. "Hilo ni la wapanda milima kabisa. Unatuaibisha."

"Mwache mama wa watu," Ilenia akasema.

"Nini? Namsifu! Nyanya yangu akipanda ngazi mbili anaita kasisi."

Vitina akacheka, akajishangaa kwa kucheka. Akafungua mkate, akawapa na pilipili hoho za kukausha alizozikaanga alfajiri. Walikula wakivunjavunja kwa meno, wanajua chakula cha kwao.

"Naenda kumchukua kaka yangu," akasema.

"Alikuwa wapi?"

"Kazini. Alikuwa fundi Napoli."

"Amestaafu, basi. Bahati yake," Loris akasema. "Baba yangu anadai watu wa kwetu hawastaafu, wanachakaa tu."

Vitina akageukia dirisha. Begi tupu alilipakata mapajani kama mtoto, ingawa rafu ya juu ilikuwa na nafasi. Baada ya stesheni ya Battipaglia tambarare ikafunguka, na karibu na Salerno bahari ikatokea, ya buluu nzito, haina wimbi. Vijana walisimama kupiga picha. Vitina alihesabu saa. Treni ilikuwa imesimama dakika arobaini porini bila mtu kutoa sababu, na saa tano haikumsubiri mtu.

Alifika makaburini saa tano kasoro robo, jasho likimtiririka, begi likimpigapiga mgongoni kilima kizima.

"Telesca?" akaita mzee mmoja mwenye buti za mpira. "Nimekuweka mwisho. Karani alitaka kufunga, nikamwambia watu wa milimani huja tu, hata kwa magoti."

Huyo alikuwa Aniello, aliyechimba makaburi kwa miaka thelathini na mitano. Vitina akatoa shuka la kitani alilopewa na mama yake, jeupe, herufi mbili za jina la Canio zimedariziwa pembeni. Aniello akalipokea kwa mikono miwili, akaitikia kwa kichwa. Wapo wanaoleta taulo, alisema.

Kazi ile watu wa Napoli wanaijua tangu kwa mababu, na hakuna anayeona haya. Ubao ulifunuliwa. Aniello akashuka na msaidizi wake, wakaanza kutoa mfupa mmoja mmoja, wakiupiga mswaki, wakiupangusa kwa spiriti, wakiulaza juu ya meza ya bati: miguu kwanza, kisha mapaja, kisha nyonga, kama wanaomjenga mtu upya kutoka chini. Jirani, kwenye kaburi lingine, mwanamke alikuwa akiongea na mumewe aliyefukuliwa: "Ona ulivyokonda, mpumbavu wewe, na ulikataa kula maboga." Watu walicheka kidogo wakajifuta macho.

Kichwa hutolewa mwisho. Aniello alikipangusa kwa mbele, akakifunika kwa kitambaa, akampa Vitina mkononi.

"Msalimie, dada."

Vitina akakishika kwa viganja viwili. Kilikuwa chepesi, chepesi cha kuudhi. Akakibusu pajini mara moja. Alipokuwa akiinama kukibusu tena kwa ajili ya mama, vidole vya mkono wa kulia, kule nyuma, vikazama.

Aliugeuza ule mfupa polepole. Nyuma ya sikio palikuwa na shimo la ukubwa wa yai la kuku, na kutoka hapo nyufa tatu zikikimbilia juu.

"Nini hiki?"

Karani alikuwa amefika na ubao wake wa karatasi. Akachungulia. "Sururu hiyo, mama. Hutokea. Tia sahihi hapa, kwamba umepokea kila kitu salama."

"Sururu haikugusa kichwa," Aniello akasema.

"Aniello!" karani akamkemea.

"Nimesema haikukigusa. Kichwa nimekitoa kwa mkono." Akachukua kidole cha mguu kilichovunjika wakati wa kuchimba, akakiweka kando ya lile shimo. "Tazama, dada. Mfupa uliovunjika leo huwa mweupe ndani kama chaki. Huu wa kichwa kingo zake zimekolea rangi ya udongo, sawa na mfupa wote. Aliingia nao hivi chini. Walikwambia alikufa kwa nini?"

"Moyo."

Aniello akasugua mikono kwenye suruali. "Moyo hauvunji fuvu," akasema.

Vitina alikaa juu ya ukingo wa saruji. Akamwona Canio juu ya jukwaa la mbao, ghorofa ya nne, Agosti, ndoo mkononi. Akamwona Ruocco na tai yake. Akajiona yeye, kalamu mkononi, akiona haya kusoma mstari wa pili. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kumbe hata kifo unaweza kukificha, ukipata jeneza zuri na dada mwenye adabu.

"Ruocco bado anajenga?" akauliza.

Aniello akaonyesha kwa kidevu. Chini ya kilima, kati ya makaburi na bahari, kulikuwa na jengo lililovikwa jukwaa hadi juu, na watu wanne au watano wakitembea juu yake kama mchwa. Hata kwa mbali ilionekana hakuna aliyefungwa kamba.

"Lile ni lake."

Karani akakohoa. "Mama, ofisi inafungwa. Tia sahihi, mchukue marehemu wako mwende zenu kwa amani."

"Nikiita polisi?"

"Ukiita polisi," Aniello akajibu kabla ya karani, "hutamchukua leo. Watamtia kwenye boksi lao, watamfunga kwa lakiri, atakwenda ghalani kwa mwendesha mashtaka. Nakwambia ukweli, dada, kwa sababu nimeona. Kuna mmoja alikaa miaka sita. Mama yenu yu hai?"

"Themanini na tisa. Hainuki."

Mzee akatazama buti zake. "Basi mchukue," akasema kwa sauti ndogo. "Hakuna atakayekulaumu. Mimi nitamfunga vizuri, shimo liwe chini, mama asiliguse."

Vitina akasimama. Begi lilikuwa wazi miguuni pake. Sanduku la bati lilikuwa wazi mezani. Treni ya kurudi ilikuwa saa nane, na kabla ya chakula cha jioni angeweza kuwa kando ya kitanda, auweke mkono wa mama juu ya shuka lenye mifupa. Kulikuwa na kitu kimoja tu duniani alichoombwa, na kilikuwa mbele yake, na kilitosha begini.

Karani akamnyooshea kalamu.

Labda ilikuwa ile kalamu. Vitina aliitazama, kisha akaitazama karatasi, na safari hii akaisoma yote, mstari wa kwanza, wa pili, mpaka chini, akisogeza midomo kama watoto wa shuleni kwake, huku karani akitazama saa. Akairudisha.

"Siweki sahihi," akasema. "Niitie polisi."

"Mama, unajitafutia—"

"Niitie polisi, mwanangu, au nishuke mwenyewe nikawaite mpaka barabarani."

Walikuja saa saba na nusu, wawili, wapole, wakaandika. Vitina akalibusu fuvu mara ya pili, kwa ajili ya mama, ndipo likatiwa kwenye mfuko wa karatasi, mifupa mingine kwenye boksi, boksi likazungushiwa utepe. Shuka la kitani wakamrudishia: si ushahidi. Aniello alivua kofia boksi lilipopita. Karani alikuwa ameshaondoka.

Vitina alifika nyumbani kwa treni iliyofuata, jua la jioni likiwa bado ukutani. Mama yake alisikia mlango, akainua shingo kutoka kwenye mto, kitu ambacho hakukifanya wiki nzima.

"Mlete. Mweke hapa, kando yangu."

Vitina akapiga magoti. Akaeleza kila kitu, polepole, bila kuficha: kichwa, nyufa, rangi ya udongo, jukwaa, ile karatasi ya zamani, na hii mpya aliyoikataa. "Ulisema kweli, mama, safari ile sikumwona. Hakufa kwa moyo. Nimemwona. Nimembusu, mara mbili."

Mkono wa Bi Donata ulikuwa umeshanyooshwa juu ya blanketi, tayari, na hakuurudisha mara moja.

"Nilikuagiza mtoto," akasema mwishowe. "Umeniletea kesi."

Akageukia ukuta. Alikula kidogo kesho yake, na keshokutwa hakula. Alikufa siku ya kumi na tisa, na katika siku hizo zote alimwita Vitina "wewe," si kwa jina. Ukutani kwa makaburi wakaziba nafasi yake kwa marumaru, na ile ya pembeni kwa matofali, bila jina.

Sasa ni mwaka na miezi minne. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi Vitina huomba ruhusa shuleni, hupanda treni ya saa kumi na mbili kasoro, huteremka Napoli, hupanga foleni kwenye dirisha la mwendesha mashtaka kuuliza kesi ya Canio na mifupa yake. Karani wa pale anamjua. "Bado, mama," humwambia kwa mbali, kabla hajafika. Faili limehamishwa ofisi, daktari aliyepima amestaafu, wakili wa Ruocco ameomba muda. Jengo la chini ya kilima limekwisha, lina mapazia madirishani na maua.

"Bado, mama. Ungepiga simu tu, ungejiokolea safari."

"Simu mnaikata," Vitina humjibu, kisha hukaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani, mpaka wafunge.