Mikono ya Mtakatifu Isidori

Wifi yangu ni mchoraji wa mabango. Ukikutana naye barabarani utadhani amegombana na ndoo ya rangi, maana hana nguo isiyo na doa, hata ile aliyovaa kwenye harusi yangu. Mimi humtania kila siku. Lakini parokia ilipompa kazi ya kuchora picha ya kuwekwa nyuma ya altare, nilijivunia kana kwamba nimepewa mimi, nikaenda kumsaidia kupiga mbao msasa.

Zilikuwa mbao tatu: pembeni malaika, katikati Mtakatifu Isidori, msimamizi wa wakulima, akilima kwa plau ya ng'ombe. Wifi aling'ang'ana nazo miezi miwili. Kisha akamwita mwenyekiti wa wakulima wa parokia aje kuzitazama.

Mwenyekiti alisimama mbele ya ubao wa kati, akakuna kidevu.

"Uso ni mzuri, binti. Ila huyu halimi. Huyu anasukuma baiskeli."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Wifi hakucheka. Mwenyekiti akasema wakulima hawawezi kusali mbele ya mtu asiyejua kushika plau. Arekebishe ndani ya wiki moja, la sivyo kazi atapewa mwingine.

Wa kumwonyesha alikuwepo: baba yake mzazi, baba mkwe wangu, aliyelima kwa ng'ombe maisha yake yote. Lakini tangu binti yake alipoacha shamba akafuata rangi, miaka tisa sasa, mzee hakuwahi kukanyaga karakana yake. Kwake ile haikuwa kazi, ilikuwa kupakapaka tu. Wifi aliogopa kumwendea kuliko alivyoogopa kunyang'anywa kazi. Nikamwambia aache kiburi, naye akaniambia niache umbea. Kesho yake akaenda.

Baba mkwe alikuja, akautazama ubao, akaguna.

"Nani kakwambia plau inashikwa umesimama wima hivi?"

Akapindua benchi, akashika miguu miwili ya benchi kama mishikio ya plau. Akainama, mguu mmoja mbele, uzito wote mikononi.

"Usitikisike, Baba."

"Ng'ombe hawasimami, mwanangu."

"Hawa wangu wanasimama."

Akatulia. Alikuja siku tatu mfululizo, akisimama mpaka magoti yanamtetemeka, na wifi akachora kila mshipa wa mikono ile. Siku ya nne mwenyekiti alirudi. Alisogea, akaikagua mikono kwa karibu.

"Sasa analima," akasema, akatoka kutafuta wabebaji.

Mbao zilipoondoka, wifi alimshukuru baba yake, akamwambia kazi imekwisha, aende akapumzike. Mzee hakuinuka. Alikuwa akitazama bango la kinyozi lililoegemezwa ukutani, bado jeupe.

"Na hili je," akauliza, "halihitaji mtu wa kusimama?"

Kichwani hana unywele hata mmoja. Wifi, machozi yakimlengalenga, akamwambia aje kesho saa mbili asubuhi.