Daftari la Ng'ombe Kumi na Wawili

Ko, ko, ko. Nyundo juu ya kigingi. Nakhumicha aliisikia akiwa ameinama kwenye kitalu chake cha miche, kando ya barabara pale Kiminini. Alipoinuka akamwona mpima ardhi akigawa ekari zao mbili, na mumewe, Barasa, akimshikia kamba.

"Nauza," Barasa alisema. "Wewe rudi kwenu Bungoma."

Ekari hizo zilitoka kwenye miche: miaka kumi na mmoja ya sukumawiki na nyanya, mgongo wa Nakhumicha ukipinda pamoja nayo. Siku ya kununua, karani aliuliza jina gani liandikwe. "La mzee," alijibu yeye mwenyewe, kwa majivuno, ili mashemeji wasije wakamcheka Barasa kwamba amekaliwa na mke. Hati ikatoka na jina moja.

Kesho yake alikuwa Kitale, mbele ya wakili Linah Chepchumba.

"Mama, talaka tutaomba. Lakini shamba likiuzwa kwanza, utabaki na nini? Kamati ya ardhi inakaa Jumanne, na haiwezi kupitisha kama mke hajakubali. Uko na cheti cha ndoa?"

"Tulioana kikwetu. Ng'ombe zilikuja."

"Nani aliandika?"

Iliandikwa kwenye daftari la shule: ng'ombe kumi na wawili, mbuzi mmoja, sahihi za pande zote mbili. Daftari lilikuwa Bungoma kwa Jairus, mdogo wa marehemu babake.

Jairus alimpa chai, akamsikiliza hadi mwisho. "Hiyo daftari ilipotea."

"Baba mdogo, si Krismasi uliniambia ati unailalia?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Mkiachana, huyo bwana atakuja hapa na hesabu yake nirudishe ng'ombe. Na zingine nilioa nazo huyu mama yako mdogo. Sasa nimrudishe yeye?"

"Jaribu uone!" sauti ikatoka jikoni.

Nakhumicha alicheka, mara ya kwanza tangu nyundo ile. Kisha akasimama.

"Nimemzalia watoto wanne. Hakuna mtu atakuja kudai hapa hata kwato. Akikuja, mwambie anidai mimi. Lakini kama mimi si mke, bana, basi hizo ng'ombe mlikula za nini?"

Jairus aliingia chumbani. Likasikika godoro likiinuliwa.

Jumanne Nakhumicha alivaa gauni la manjano, akaketi mstari wa mbele. Barasa aliketi upande wa pili na mnunuzi wake.

"Mke amekubali?" mwenyekiti wa kamati akauliza.

"Sina mke, mwenyekiti. Huyo ni mpangaji tu, anauza miche hapo kwangu."

Watu wakaguna. Linah akapeleka daftari mezani. Mwenyekiti akalisoma taratibu, mbuzi pia, hadi kidole chake kikasimama.

"Barasa, hii sahihi ni ya nani?"

Mnunuzi akasogeza kiti, mbali na Barasa kidogo.

"Basi tumsikie mama mwenyewe."

Njia nzima Nakhumicha alikuwa amekariri maneno makali, ya kutosha kuangusha paa. Alipofungua kinywa yakabaki machache tu, na chumba kizima kikainama kumsikia.

"Mke ni mimi. Nimekataa."