Mwaja Mtia Maua

Watu wa njia ya Isingiro walikuwa wakisema fundi Saleh ana mikono ya ajabu. Uongo mtupu! Mikono ya Saleh ilikuwa ya kushikia kikombe cha kahawa na kupokelea sifa. Maua yale ya mti yaliyozunguka matundu ya magambusi yake, vinanda vya nyuzi alivyouza, meusi kwa meupe kwa mekundu, madogo kama punje za ulezi, yalitoka kwenye mikono ya Mwaja, mjakazi wake, aliyeshinda uani nyuma ya jiko, macho yakimwasha kwa moshi. Wazee walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mwaja hata hicho kigae hakuachiwa.

Wala hakuzaliwa Mwaja. Aliletwa Karagwe angali mtoto wa kubebwa begani, katika msafara uliotoka ng'ambo ya mto Kagera, na jina alilopewa na mamaye likapotea njiani. Mama yake Saleh, bibi wa pwani aliyechukia baridi ya milima hii mpaka siku ya kufa kwake, ndiye aliyempa jina jingine na kumfundisha kusuka ukili wa mikeka. Bibi akazikwa, ukili ukabaki vidoleni. Basi siku moja Saleh alikuwa akihangaika kuiga ua la gambusi la Kiarabu, anakata vijipande kimoja kimoja, anabandika, vinaanguka, anatukana. Mwaja akatazama, akasema taratibu, "Bwana, huo si ukili tu, ila wa mti?"

Saleh alicheka. Kisha akaacha kucheka, akamwambia, "Hebu fanya."

Mwaja akachonga njiti nyembamba. Nyeupe alizitoa kwenye mti wa mushambya, nyekundu kwenye mti wa mlimani, na nyingine akazizika katika tope la bwawa mpaka zikawa nyeusi tititi. Akazipanga kwa hesabu ya ukili, akazipaka gundi ya ngozi iliyochemshwa, akazifunga kamba zikawa kicha kimoja. Kicha kilipokauka akakikata vipande vyembamba kwa msumeno, kama mtu akatavyo muhogo, na kila kipande kilichoanguka kilikuwa na ua lilelile usoni. Ila njiti zilikuwa na sharti lake. Lazima zikauke mpaka kiini kabla ya kufungwa, kwa maana hata moja ikiwa na unyevu husinyaa ndani ya kicha, gundi ikaachia, na ua lote likatoka mapengo. Mwaja alizipima kwa mdomo. Njiti mbichi huwa baridi kwenye mdomo, hata ikionekana kavu namna gani.

Saleh akapata jina. Mpaka siku Mdachi mmoja alipoleta gitaa lake kutoka boma la Bukoba. Unyevu ulikuwa umelibandua duara lote la maua, na nusu yake imeliwa na wadudu. Mdachi akasema, kwa kinywa cha mkalimani, kwamba likiharibika zaidi Saleh afunge mizigo yake arudi alikotoka. Loo! Gitaa alikuwa hajapata kulishika maishani mwake. Akaingia uani na gitaa mikononi, nyuma yake mwalimu Ramadhani, aliyewafundisha watoto Kurani, pamoja na wenye maduka wa barazani waliofuata kutazama.

"Mwaja," akasema, "ukiniokoa na hili, wallahi wewe huru! Mashahidi hawa hapa."

Mwaja akalitia duara jipya, na Saleh akaokoka. Mdachi alilitazama lile duara pua ikikaribia kuligusa, akapiga wimbo wa kwao, akacheka, akaenda kuwaambia wenzake. Haukupita muda magitaa yakaanza kuletwa, mengine kutoka misheni, mengine kutoka maboma ya mbali. Saleh akachinja mbuzi akaalika watu. Mwaja alikoka moto, akapika, akapakua, akaosha vyombo, huku akingoja neno lake. Neno halikutoka. Akangoja mpaka akachoka, ndipo alipokwenda kupiga magoti.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba."

"Bwana, lile neno la siku ya gitaa."

"Aa, lile! Nani kasema nimelisahau? Ahadi ni deni," akasema Saleh, na uso wake mkavu kama gome. "Lakini una haraka ya kwenda wapi, we Mwaja? Fundi haondoki akaiacha kazi yatima. Nifundishie mwingine kwanza, ndipo uende."

Asante ya punda ni mateke. Mwaja akaenda kwa mwalimu Ramadhani, kwa kuwa huyo aliisikia ahadi kwa masikio yake. Mwalimu akazishika ndevu. "Mwanangu, bwana wako hajakataa. Subira ni ufunguo wa faraja." Faraja ya nani? Gambusi la harusi ya binti yake mwalimu lilikuwa likitengenezwa kwa Saleh, na yeye hakutaka kuudhi mtu. Mwaja alirudi kwenye moshi wake.

Mwaka wa njaa mtu mmoja wa Mabira akaja na binti yake mdogo, Kemilembe. Akamwacha rehani kwa Saleh, akaondoka na ulezi wa kuwalisha waliobaki nyumbani, akasema atakuja kumchukua mvua ikirudi. Saleh akamsukuma mtoto hadi kwenye mkeka wa Mwaja.

"Huyu ndiye. Akiweza kazi, wewe huru. Asipoweza, baba yake na aje amchukue. Sina chakula cha kulisha mikono isiyofaa."

Mwanzoni Mwaja alifurahi, na nani asingefurahi? Mtoto alikuwa mwepesi, bibi yake alikwisha kumzoesha kusuka vikapu, na vidole vyake havikuhitaji kuambiwa jambo mara ya pili. Lakini kila asubuhi alitoka mlangoni akatazama mawingu, akauliza kwa Kinyambo, lugha ya kwao, "Dada Mwaja, huko kwetu nako inanyesha?" Mwaja akamjibu kwamba hajui. Ilikuwa ikinyesha, mabonde yote ya huko yalikuwa meusi kwa mvua.

Baba akaja wakati wa senene, na kikapu chake cha senene waliokaangwa kama zawadi. Saleh akampokelea kikapu, akamwambia mtoto bado yuko katika kujifunza, watajaribu waone. Yule baba hakuondoka mara moja. Alizunguka nyuma ya ua, akamwita Mwaja kwa sauti ya chini.

"Mama, huyu mwanangu ni mzito wa akili, sivyo? Kwetu wote tu wazito. Hawezi kazi hiyo. Sema tu kwamba hawezi."

Macho yake yalikuwa yakimwomba waziwazi. Mwaja akatazama chini, akasema, "Tutaona, baba."

Ikaja siku ya jaribio. Saleh akawaita tena wale wa barazani, akatangaza kwamba mtoto atatengeneza kicha peke yake tangu mwanzo, na Mwaja atakaa kando bila kugusa kitu. Kemilembe alikuwa na raha ya kutazamwa na watu wazima. Akazipanga nyeupe, akazipanga nyekundu, mikono ikikimbia, kisha akazichukua nyeusi kutoka juu ya moto. Zilikuwa zimetolewa bwawani juzijuzi tu. Kwa nje zilikuwa kavu. Mwaja alijua kiini chake bado maji, na hapo uani hakuna mwingine aliyejua, Saleh ndiye asiyejua kabisa.

Angenyamaza tu! Kicha kingepasuka, Saleh angetukana, na mtoto angelala kwa mama yake Mabira kabla senene hawajaisha. Mwaja alilijua hilo wazi, wala tusimtafutie udhuru. Lakini alijua na jingine. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu kwa ule moshi, njiti mbili alizokuwa akiziona zamani sasa aliziona moja, na fundi kipofu hamfundishi mtu. Huyu akirudi kwao, hakuna atakayeletwa tena kwa wakati. Atazeeka uani hapo, azikwe nyuma ya jiko, na Ramadhani amsomee dua fupi.

Kemilembe alikwisha kuishika brashi ya gundi.

"Hizo nyeusi hazijakauka," akasema Mwaja. "Ziweke mdomoni uone baridi yake. Zirudishe motoni."

Mtoto akajaribu, akatabasamu, akazirudisha. Wakangoja. Kicha kilipokuja kukatwa, kipande cha kwanza kilitoka kizima, ua safi lisilo na pengo. Saleh akakiinua juani. "Mashaallah! Kuanzia leo jina lako Maua." Kisha akamgeukia Mwaja mbele ya watu wote, maana sasa haikumgharimu kitu, akasema, "Nenda. U huru." Mwalimu Ramadhani akasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwaja alidhani siku hiyo ikifika atapiga vigelegele mpaka watu wa kule Kimuli wasikie.  Badala yake alifunga nguo zake, hata mtumba haukujaa, akapita mlango wa ua. Nyuma yake akasikia miguu inakimbia. Ni yule mtoto, kidevu kina gundi, uso unang'aa kwa sifa.

"Dada Mwaja! Umesikia bwana alivyonisifu?"

"Nimesikia."

"Baba akija nitamwonyesha ua langu." Akahesabu jambo kichwani mwake. "Halafu na mimi nitakwenda nyumbani kama wewe, si ndiyo? Mtoto wangu wa kufundisha ataletwa lini?"

Mwaja akainama, akamfuta gundi kidevuni kwa ncha ya nguo yake.

"Siku si nyingi," akamwambia.