Farde ya Baba

Leo nimefungua farde mpya, jalada la kutilia makaratasi, na ile harufu ya plastiki ikaniamshia wivu wa zamani. Siku moja ya utoto wetu, Baba alikuwa anapeleka Bujumbura dosie yetu ya kuomba kuhamia Kanada, ndani ya farde kama hii. Akatuuliza, «Kule ofisini iko Kiingereza tu. Nani anajua namna wanasema kuleta dosie?»

Nilijua, ila aibu ilinifunga mdomo. Mdogo wangu, niliyemfundisha mimi mwenyewe, akasema haraka: «Hand in!»

«Weye utanisindikiza,» Baba akamwambia. Kisha akanigeukia: «Na weye mukubwa, umemeza ulimi?»

Wakapanda pikipiki, farde kifuani mwa mdogo wangu. Mama akasema, «Tuwaombee.» Nikafumba macho, nikamwomba Mungu dosie ikataliwe. Hata jina langu lilikuwa ndani yake.