Salamu za Mwalimu Silvano kwa Manila

Watu wa Chiungutwa walidhani Mwalimu Silvano amerukwa na akili, na kusema kweli dalili zote alikuwa nazo. Kila jioni alipanda kiti, akachomeka redio yake kwenye waya aliouvuta kutoka paani hadi kwenye mkorosho, akaanza kuitafuta Manila, Ufilipino. Betri alishazianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi walikuja Masasi kutafuta korosho, na msimu ulipoisha kila kijana alikuwa na redio kaseti inayonguruma. Mwalimu alilazimika kubandika sikio kwenye spika.

"Shikamoo, Mwalimu," jirani yake Mama Ziada alimwambia akipita na ndoo. "Huko Ufilipino wanasemaje leo?"

"Marahaba. Mvua kubwa."

"Na Gideoni?"

"Bado."

Gideoni alikuwa mwanawe wa pekee. Aliondoka Mtwara na meli ya korosho, akaishia Manila, akaoa huko huko. Barua yake ya mwisho ilisema anahama nyumba, anwani mpya ataituma. Hakuituma. Kisha mama yake, Ethel, akafariki, akazikwa kwenye makaburi ya kanisa, na mtoto hana habari. Asiyekuwepo na lake halipo, watu walisema msibani. Neno lile lilimchoma Mwalimu, akaapa kwamba habari itamfikia mwanawe hata iweje.

Akafanya kile ambacho kila mtu alifanya alipotaka kumpata ndugu aliye mbali: akaandika kadi ya salamu. Redio ya Dar es Salaam ilizisoma kila siku, na kwa Mwalimu redio ni redio; yake akaituma kwa kituo kile cha Manila. Akaandika kwa Kiingereza chake cha misheni: Mimi Silvano wa Chiungutwa namsalimu mwanangu Gideoni, popote alipo Manila. Mama yako amefariki. Niandikie.

Ikapita miezi minne. Jioni moja mtangazaji, mwanamke mwenye sauti ya upole, akaisoma. Jina la Chiungutwa lilimshinda, akalikata vipande vitatu, lakini aliisoma yote, na alipofika kwenye kifo akasoma polepole. Mwalimu alilia kama siku ya mazishi. Safari hii alilia kwa nafuu.

Tangu siku hiyo alikwenda parokiani kila Ijumaa kuulizia barua. Wiki ya saba akapewa bahasha yenye stempu ya Ufilipino. Mwandiko haukuwa wa Gideoni. Ulikuwa wa yule mtangazaji, akimpa pole. Shirika letu, aliandika, lina vituo karibu kila mji, lakini hiki unachokisikia wewe kinarusha matangazo nje tu, kwa Wafilipino wanaofanya kazi ughaibuni. Sisi wa Manila hatukipati.

Mwalimu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Salamu zake zilikuwa zimezunguka dunia na kumrudia mwenyewe.

Alipofika nyumbani alimkuta Mama Ziada mlangoni pake.

"Shikamoo, Mwalimu. Nasikia kuna barua. Na Gideoni?"

"Amepata habari," Mwalimu akasema.

"Alhamdulillahi. Sasa atakuja."

"Atakuja."

Kesho yake jua liliwaka vizuri, lakini hakuzianika betri.